Pasi ya Mama Khainza

Jamani, kuna aibu ya kujikwaa sokoni, watu wakacheka, ukajikung'uta vumbi ukaenda zako, na kuna aibu ya kusimamishwa mbele ya ukoo mzima umevaa kanzu na kofia, umenyoosha mikono kama mtoto anayekaguliwa kucha shuleni, huku ndani ya nyumba mama mtu mzima anapiga ukunga kwa sababu yako. Ya kwangu mimi ni hii ya pili. Miaka mitatu nimeificha, na ningeendelea kuificha kama si Idi juzi, mama yangu alipoifungua ile kanzu akaona alama kifuani. Basi kwa kuwa nyumbani imeshajulikana, na nyinyi sikilizeni, ila mkicheka mcheke taratibu.

Nilikwenda Uganda kwa muhula mmoja, yale mambo ya vyuo kubadilishana wanafunzi, nikapangiwa Jinja, nikapata chumba Mpumudde. Mwenzenu nilijua Kiswahili kitanibeba, si nchi ya jirani? Loo! Siku ya kwanza namwambia kijana wa bodaboda, "Ndugu yangu, nipeleke Mpumudde tafadhali," akaniangalia, akakaa wima, akasema, "Ndiyo afande," na njia nzima hakutia neno. (Kule kwa watu wengi Kiswahili ni lugha ya jeshi, na wazee wao hawana kumbukumbu nzuri nayo.) Nikajifunza kunyamaza. Kiingereza changu cha darasani, Kiganda changu cha kununulia chapati, basi. Mtu wa Tanga mie, niliyezoea barazani hata kumuuliza mtu bei ya nazi ni robo saa, ikafika mahali najikuta naisemesha sufuria yangu. Nilikuwa mpweke, sifichi.

Aliyeniokoa ni Balikowa. Tulisoma darasa moja na tulipanga ua mmoja, mtoto wa Budondo, nje kidogo ya Jinja, Kiswahili chake cha kuokoteza lakini hakukionea haya. Siku moja akaja chumbani kwangu kakunja uso, nikajua kafiwa, kumbe anataka kuoa. Mchumba wake, Khainza, ni wa Mbale, na siku ya kwenda kujitambulisha ukweni (wao wanaita kwanjula) bwana anasimama na ndugu zake wa kiume.

"Mimi iko na dada tano, ndugu mwanaume hapana," akaniambia. "Wewe nakuja simama na mimi. Siku hiyo wewe ndugu yangu."

Nani angekataa? Nikakubali, nikaitoa kanzu yangu nzuri niliyokuja nayo kutoka nyumbani.

Sasa wiki hiyo chuo kilikuwa kimenituma Mbale, nikalala huko nyumba ya wageni, kwa hiyo tukakubaliana tukutane palepale. Balikowa alinipigia simu asubuhi akanisisitizia: "Ngoja hapo kwa petroli Nkoma, sisi nakuja na gari, tunaingia pamoja. Hapana ingia kwa watu kabla, umesikia bwana?" Nimesikia. Nikafika pale kituo cha mafuta saa tatu, mapema mno, nikaichungulia kanzu kwenye mfuko. Wallahi nilitamani kulia. Ilikuwa imejikunja kama iliyotoka kinywani mwa ng'ombe, na kule nilikolala umeme ulikuwa umekatika. Mpwani nikasimame ukweni kwa watu na kanzu yenye mikunjo? Mama yangu angesikia mpaka Tanga.

Hapo ndipo nilipofanya uamuzi wangu mdogo. Nikaona moshi nyuma ya nyumba moja jirani, nikasema penye moto pana mkaa, na penye mkaa hapakosi pasi. Wanasema kuuliza si ujinga, nami niliuliza, ila niliulizia pasi badala ya kuuliza hapa ni kwa nani.

Uani nikakuta wanawake kama kumi, masufuria makubwa, rundo la ndizi mbichi, na katikati yao mama mmoja mnene kiasi, kajifunga kitambaa cha kijani kichwani. Mdomo ukanitoka kwa mazoea: "Shikamoo Mama." Nikampokea mkono kwa mikono yangu miwili, nikainama.

Yule mama akaacha kisu. "Marahaba! Woi, hii neno mara ya mwisho nimesikia Bungoma nikiwa msichana. Wewe mtoto unatoka wapi?"

Jamani! Kiswahili! Kiswahili kilichonyooka, cha mtu aliyekulia Kenya! Nikamwambia ni mwanafunzi, natoka Tanga, naomba pasi. Akasema pasi iko, ya makaa, lakini wanaume hawajui kupiga pasi, lete hiyo kanzu. Hakuuliza ya nini. (Nilipomwambia jina langu alijua ni Mwislamu, na Mwislamu na kanzu yake hana haja ya kujieleza.) Basi yeye anapiga pasi, mimi nikaketi kwenye kigoda chake nikachukua kisu nikamenya ndizi, vibaya, utomvu ukanijaa mikononi mpaka vidole vikawa vyeusi, naye ananicheka, "Unaua ndizi au unamenya?" Tukapiga soga saa nzima na zaidi. Nilimweleza habari za sufuria yangu ninayoisemesha, akanihurumia kweli, akachota malewa (machipukizi ya mianzi ya mlimani, yanakaushwa kwa moshi yanapikwa na karanga, msiulize utamu wake) akanionjesha kwa mkono wake kama mtoto. Kwa kucheka akasahau pasi, cheche ikaruka, ikaacha kialama cha kahawia kifuani mwa kanzu. Akaona haya. Nikamwambia, Mama, hiyo ndiyo kumbukumbu.

Mbona hamniulizi kama alisema chochote kuhusu shughuli ya siku hiyo? Alisema! Aliniambia, "Leo mimi najificha, wakwe wanakuja. Mkwe haruhusiwi kuniona, wala kunishika mkono, wala kula na mimi. Kwetu ni mwiko mkubwa." Hapo nikajua kumbe yeye ndiye mama wa Khainza na nimeingia jikoni kwa wenyewe, lakini nikajituliza: mkwe ni Balikowa, mimi ni msindikizaji tu. Nikamalizia malewa yangu, nikaaga, nikarudi kituo cha mafuta.

Saa sita tukaingia kwa mstari, wanawake na magomesi yao (magauni marefu ya Kiganda, mabega yamechongoka), sisi na kanzu na makoti juu, ya kwangu imenyooka kuliko zote, hata Balikowa akanisifu. Mahema mawili yametazamana, sisi huku, ukoo wa Khainza kule. Kanuni ni moja: anayeongea ni msemaji wenu tu, nyinyi wengine mna mdomo wa kulia chakula. Msemaji wetu akaanza kutaja watu, akafika kwangu, aliyekaa pembeni akaninong'oneza, "Simama, anasema wewe ndugu pekee ya bwana harusi, na wewe pia ni mkwe ya hapa."

Na mimi pia ni nani? Lakini nilikuwa nimeshasimama, nikavua kofia, nikainama, kifua mbele. Na dirishani, nyuma ya pazia, sauti ikapasua muziki:

"Woi! Huyo wa pasi!"

Muziki ukazimwa. Akatoka baba mkubwa wa Khainza, mzee mrefu aliyewahi kuwa askari, na nadhani kila neno la Kiswahili alilokuwa nalo alilipata gwaride.

"Wewe! Toka mbele! Umeingia kwa jiko?"

"Ndiyo afande," nikajibu. Sijui hiyo afande ilitoka wapi. Watu wakaangua kicheko.

"Nyosha mikono!"

Nikanyoosha. Vidole vyeusi tii kwa utomvu. Msemaji wetu anahangaika kunifanyia ishara ninyamaze, naye ndiye anayejua la kusema, lakini mimi (ulimi wangu huu siku moja utanizika) nikaona heri nijitetee kwa ufasaha wa kwetu: "Mzee wangu, wallahi hatukufanya baya lolote. Nilimsalimia Mama kwa mkono, tukamenya ndizi, nikakaa kwenye kigoda chake, akanipigia pasi kanzu hii, na malewa akanilisha kwa mkono wake mwenyewe. Basi."

Mpaka pale walikuwa wanajua la jiko tu. Waliofahamu Kiswahili wakashika vichwa, kisha wakawatafsiria waliokaa nyuma, safu moja inashtuka, ya pili inangoja tafsiri ndipo nayo ishtuke, mpaka yule bibi wa mwisho kabisa akaacha fimbo ikaanguka. Nikatamani ardhi inimeze na kanzu yangu.

Wazee wakaenda kuteta nyuma ya nyumba. Balikowa jasho linamtiririka, Khainza kule kainamisha kichwa, na mimi nawaza miezi ya watu hawa ya kupanga na kusubiri nimeivunja kwa sababu ya mikunjo. Mzee akarudi, akasimama mbele ya Balikowa.

"Sikia kijana. Kama huyu si ndugu yako, yeye mpita njia, amekula kwa jiko, kwisha, mwiko hakuna. Lakini basi wewe umedanganya sisi, na mwongo hapana oa hapa. Kama ni ndugu, ni mkwe, amevunja mwiko, wewe nalipa mbuzi na nguo ya mama, na yeye na mama hawaonani tena. Ndugu, si ndugu? Sema."

Nilimtazama Balikowa. Mbuzi kwao Budondo si mchezo, na uongo anao, sote tunajua anao, mimi ni mtu wa Tanga, ndugu yake wapi? Angeweza kusema msemaji kakosea. Angeweza kunisukumia mimi lawama zote, tena nilizistahili.

"Huyu ndugu yangu," akasema. "Mimi iko na yeye moja tu."

Yule mzee akacheka, cheko la kikohozi, akasema, "Sawa. Mbuzi." Vigelegele vikapigwa, muziki ukarudi, na mimi nikajifanya jasho limeniingia machoni. Tulipokuwa tunapangiwa chakula ikaja sahani imefunikwa, na nyuma ya pazia sauti ikasema kwa Kiswahili, ili niisikie mimi, "Mpeni mkwe wangu. Ni malewa yake, hakumaliza."

Mbuzi alitoka Budondo, akapelekwa, na nguo pia. Sherehe ikapita, watu wale wakaoana, wana mtoto sasa. Lakini mimi uso wa yule mama sikuuona tena. Kila nilipopita Mbale kwa shughuli za chuo nilifika, nikakaa nje nimeuegemea ukuta wa jiko, yeye ndani, tukaongea. "Unakula?" Nakula Mama. "Sufuria bado unaisemesha?" Siku hizi hapana, nakuja kuongea na ukuta. Anacheka mpaka anakohoa. Nimempenda yule mama, acheni niseme. Katika nchi nzima nilikuwa na mtu mmoja tu wa kuzungumza naye mpaka nichoke, na uso wake niliupoteza kwa pasi. Siku ya kuaga aliweka dirishani furushi la malewa makavu, akauondoa mkono kwanza, ndipo nikachukua. Niliuona mkono tu, na vidole vyake vilikuwa vyeusi kwa utomvu.

Tangu hapo nimejiapiza: nikienda kwa watu na kanzu yangu, nitaivaa na mikunjo yake, na mwenye kucheka acheke. Ndiyo maana Idi juzi, mama alipoifungua akaiona ile alama ya moto, akasema hii tuigeuze tambara, mimi nikairukia.

"Mama, hiyo usiiguse! Hiyo amenipigia pasi mama mkwe."

Mama akaiweka kanzu chini taratibu, akakaa. "Mama mkwe? Umeoa huko Uganda hujaniambia?"