Mawe ya Kwenye Tangi

Ilianza Jumamosi, saa kumi na dakika ishirini jioni, mvua ikiwa imetulia kidogo hapa Garsen. Saa naikumbuka kwa sababu nilikuwa nimeshika simu ya mama, natazama kama baba ametuma ujumbe. Mlango ukagongwa. Alikuwa binti wa mama mdogo, kutoka Golbanti, amebeba gunia moja la nguo na mtungi wa mafuta wa manjano uliokatwa juu. Ndani ya mtungi kulikuwa na maji ya tope, na ndani ya maji perege mmoja aliye hai, urefu wa kiganja changu.

"Huyu tulimkuta jikoni kwetu," akaniambia. "Maji yalipoingia, naye akaingia. Mama kasema nikuletee, ati wewe wafuga samaki."

Tulijua atakuja. Mto ulikuwa umeingia kwao tangu Jumatano. Mama mdogo na watoto wadogo walikuwa kwenye hema, pale palipoinuka kando ya barabara, na mama yangu alisema huyu mkubwa aje kwetu asikose shule. Ana miaka kumi na tano, mimi kumi na sita. Kila mtu aliniambia nitafurahi kupata mwenzangu. Niliitikia kwa kichwa. Mimi huitikia kwa kichwa tu. Maneno huja baadaye, nikishika kalamu.

Ukweli ni kwamba sikutaka. Chumba ni changu peke yangu tangu dada aolewe. Kitanda kiko chini ya dirisha, upepo unapoingilia. Godoro lake nililitandika chini, karibu na mlango, mahali ambapo kila anayepita lazima akuruke. Vitu vyangu sikusogeza hata kiatu.

Tangi letu liko sebuleni. Ni la kioo, refu kama benchi la darasani. Baba ni fundi wa pampu za maji, na tangi alipewa na mwenye nyumba moja ya wageni huko Malindi aliyekuwa anafunga ukumbi wake. Lilikuja na samaki mmoja wa aina ya oska, kisha baba akatafuta wa pili. Sasa kila mmoja ni mkubwa kama sahani, mweusi mwenye madoa ya rangi ya makaa yanayowaka. Nawalisha panzi na minyoo. Stima ikipotea, kipampu cha hewa nakiunganisha kwenye betri ya gari. Mama mmoja Muorma anayetuletea maziwa kila asubuhi husimama mlangoni akiwatazama. "Mifugo gani hii," huuliza, "haikamuliwi, haichinjwi, na bado mnaikatia chakula?" Mama hucheka. Mimi huchukua maziwa nikaingia ndani.

Siku ile baba alipoleta oska wa pili, hakumtia majini moja kwa moja. Alitoa mawe yote kwanza, makubwa na madogo, akayapanga upya kabisa. Nilikuwa namshikia karai. Aliniambia, "Hawa jamaa hawana roho mbaya. Wana mtaa wao tu. Yule wa kwanza anajua jiwe hili ni langu, kona ile ni yangu. Ukimletea mgeni, atamuua. Lakini ukihamisha mawe, wote wanakuwa wageni." Nililiandika jambo hilo kwenye daftari langu siku hiyo hiyo. Bado limo.

Kwa hiyo nilijua. Jumamosi ile nilifanya mengine yote kama nilivyofundishwa. Maji ya mtungi niliyachanganya na ya tangi kidogo kidogo, kikombe kwa kikombe, perege asishtuke. Mwenzangu alikuwa amechuchumaa kando akinitazama mikono. Mawe sikuyagusa. Nilimtia perege ndani, nikafunika tangi.

Wale wawili hawakungoja. Yule mkubwa alitoka nyuma ya jiwe lake, akatandaza mapezi, akamgonga perege ubavuni mpaka akamtupa kwenye kioo. Yule mwingine akamfuata kwa nyuma. Perege alikimbia huku na huku akitafuta mahali, na kila mahali palikuwa na mwenyewe.

"Wanampiga," mwenzangu akasema.

"Watazoeana."

Mama alipita na sufuria. "Si baba yako alisema hawa na perege ni ukoo mmoja?"

"Ndiyo, mama."

"Basi ukoo wenyewe mgumu," akasema, akaenda jikoni.

Giza lilipoanza kuingia, perege alikuwa amejibana juu kabisa, kati ya kioo na mpira wa kipampu cha hewa, mdomo kwenye uso wa maji. Mkia wake ulikuwa umechanika na magamba ya ubavu mmoja yametoka. Mwenzangu aliondoka kwenye tangi, akaketi mkekani kumsaidia mama kuchambua mchele. "Kama ni hivi, heri tungemkaanga," alisema. Hakuwa anacheka.

Hapo baba akapiga simu kutoka Hola, alikokwenda kazini. Mama akaweka sauti kubwa.

"Mgeni amefika?"

"Amefika, na yeye kaja na mgeni wake. Perege."

Baba akacheka. "Mpe mwanangu simu." Nikaipokea. "Mama," akaniita kama anavyoniita siku zote, "umehamisha mawe?"

"Ndiyo, baba."

"Yote?"

"Yote."

"Vizuri. Hapo sina wasiwasi."

Mwenzangu aliinua kichwa kutoka kwenye ungo. Mama akaichukua simu, akatoka nayo uani. Tulipobaki wawili ndipo akauliza, "Mawe gani?"

Ningeweza kumwambia lolote. Hajui mambo ya tangi. Lakini alikuwa ameniona tangu mwanzo mpaka mwisho, na uso wangu ulikuwa umeanza kuwaka. Nikamweleza, nikitazama mkeka, kwamba samaki mgeni akija unatoa mawe yote unayapanga upya, ili wale wa zamani wasijue tena kwao ni wapi.

"Na hukuyatoa."

"Sikuyatoa."

"Ulisahau?"

Aliuliza taratibu, kama mtu anayekuwekea kiti ukae. Ningekaa, mambo yangeisha.

"Sikusahau," nikasema.

Alichambua mchele kwa muda. "Ulitaka afe?"

"Sijui. Sikutaka kitu kihamishwe, basi."

"Kwetu kimehamishwa kila kitu," akasema. "Kitanda cha mama tulikikuta kwenye migomba."

Akaweka ungo chini, akasimama. "Niletee karai." Nililileta. Nikajaza maji ya tangi, naye akamchota perege kwa chujio la chai, mkono wa pili ukiwa chini yake asianguke. Karai tuliliweka pembeni, nikalifunika na kipande cha chandarua. Usiku nililala chini ya dirisha langu na sikupata raha ya ule upepo.

Asubuhi, kabla mama hajaamka kujiandaa kwenda kanisani, nilikwenda kufunua karai. Perege alikuwa ameinama upande mmoja, lakini mashavu yalikuwa yanafunguka na kufungika. Niliwahamisha oska wote wawili kwenye ndoo, mmoja mmoja, nikalowa mpaka mabegani. Kisha nikatoa mawe yote, nikayapanga sakafuni, nikaenda kumwamsha mwenzangu. Nilimwomba ayapange yeye. Akaweka jiwe kubwa kuliko yote kwenye kona ambayo haikuwahi kuwa na kitu. Tukamtia perege kwanza. Alizunguka polepole, akaingia nyuma ya lile jiwe. Oska tulipowarudisha, walibaki katikati ya maji wakigeuka geuka, hawajui waanzie wapi.

Nilichukua simu ya mama nikamwandikia baba kwamba jana sikuhamisha mawe, nimeyahamisha leo. Kisha nikaingia chumbani, nikatoa nguo zangu kwenye rafu zote, nikavuta kitanda kutoka dirishani mpaka katikati ya chumba, nikamwita mwenzangu aje aseme tukiweke wapi.