Asubuhi ya Neno "Box"

Juzi mwanangu alinitupia swali la kazi ya shule: "Mama, eti box ni nini?" Nikaacha kukuna nazi. Kimawazo nilikuwa nimerudi Kerege, darasa la tano, harufu ya mihogo ya bibi aliyenilea ikipenya dirishani kutoka getini mwa shule alikokuwa akikaangia.

Mwalimu wetu wa Kiingereza alituuliza swali hilohilo. "Boksi!" tukapiga kelele. Akacheka. Ni boksi, ndiyo, akasema, na ni kupigana ngumi pia. Lakini kabla ya yote ulikuwa mti. Wagiriki waliupa jina, Warumi wakalichukua, na visanduku vilivyochongwa kwa mbao zake ngumu vikaitwa hivyohivyo. "Ngumi nayo iliingiaje humo, hakuna ajuaye."

Hapo mlango ukapigwa teke. Alikuwa jirani yetu, baba wa rafiki yangu niliyekaa naye dawati moja.

"Inuka! Mumeo anakungoja Mkange."

"Sitaki, baba!"

Mwalimu akasimama kati yao. "Shikamoo mzee. Huyu mtoto hatoki hapa."

Mzee alimpiga ngumi ya mdomo, na damu ikaruka mpaka kwenye daftari langu. Kisha akamkamata rafiki yangu nywele, akamburuta sakafuni kama gunia. Mwalimu alinyanyua kiti chake, akakishusha kwa nguvu zote kwenye ule mkono. Mfupa ulilia kama kuni kavu. Mzee alipopiga magoti tulimvamia, darasa zima, kwa mateke na meno. Nilimng'ata bega. Chumvi ya jasho lake ilikaa mdomoni mwangu hadi jioni.

Bibi alikuja mbio, upawa wa moto mkononi. Hakumgusa mtu. Alimshika rafiki yangu, akasema, "Huyu leo analala kwangu." Akalala leo, na kesho, hadi tulipomaliza shule, sote wawili kitanda kimoja. Siku hizi yuko Ubena, ana duka la vitambaa, na binti zake wanasoma.

Mwalimu alihamishwa kabla ya likizo, meno mawili ya mbele hana. Bibi ametutoka, na nyumba yake imevunjwa. Kila nikienda Kerege namuulizia yule mwalimu, maana hata jina lake nimelisahau. Wanaomkumbuka wamebaki wachache, na kila mmoja ananitajia jina tofauti.