Maji ya Miaka Elfu

Saa nne na robo asubuhi, Jumapili moja karibu na mvua za kwanza, nilisimama mbele ya kanisa letu Newala, daftari mkononi. Ibada ilikuwa imekwisha. Padri alikuwa ameniruhusu nisome hadithi niliyoitunga kwa miezi saba, juu ya maisha ya kila siku Kristo atakapotawala duniani miaka elfu.

Mwingereza alikuwa bado anatutawala, nami nilikuwa karani wa mizani sokoni. Shule niliishia darasa la nne; mengine nilijifundisha. Hadithi niliitunga kama nilivyopima korosho, gunia moja moja. Nani atapika? Nani atalima? Je, kodi ya kichwa italipwa? Nikaandika kwamba chui watalala zizini pamoja na mbuzi wa kule Chiwata, na kwamba maji yatapanda yenyewe kutoka bondeni hadi mlangoni pa kila mtu, wala hakuna mwanamke atakayeshuka mteremko na debe kichwani. Hapo akina mama walipiga vigelegele. Nilifurahi, na sikujiuliza kwa nini.

Kwetu hadithi husimuliwa jioni, watu wakiitikia. Kinachosomwa kwenye karatasi baada ya ibada ni tangazo: ndoa, zamu ya kufagia, siku ya kulima shamba la kanisa. Nami sikutanguliza hata neno moja la kuwaambia kwamba nimetunga. Tena wiki ile ile wapimaji wa serikali walikuwa wakipigilia vigingi kando ya barabara, na ilisemekana ni vya mabomba.

Jumatano nilikwenda kumwamkia mama. Chini ya upenu wa bati, pale yalipokaa mapipa yake mawili ya kukingia mvua, niliona maduara mawili ya udongo wenye unyevu. Mapipa alikuwa amemuuzia mfanyabiashara wa Masasi aliyepita na lori. Fedha alinunulia kanga, maana hakutaka kumpokea Bwana akiwa na nguo iliyochanika.

"Mama, ile ilikuwa hadithi."

"Hadithi inasomwa kanisani?"

"Niliitunga mwenyewe."

"Na habari ya maji uliipata wapi?"

"Nilifikiri tu."

"Na magoti yangu haya, mwanangu, uliyafikiri?"

Kisima kilikuwa chini bondeni, saa tatu kwenda na kurudi, na mwaka uliotangulia alianguka njiani mara mbili. Bila mapipa, mvua ya kwanza ingemwagika mbele ya macho yake. Niliulizia mji mzima. Mvua zikiwa karibu, kila mwenye pipa niliyemuuliza alikataa kuuza, na ruhusa ya kuacha mizani sikuwa nayo hadi Jumamosi. Alhamisi mawingu yalikusanyika upande wa Ruvuma, nikakosea kupima mara mbili. Ijumaa yalitawanyika. Hilo nalo halikunituliza.

Jumamosi nilishuka Masasi. Mfanyabiashara alinikaribisha akicheka.

"Karani, kumbe ndiye wewe! Nimepata mapipa tisa huko kwenu. Jumapili wasomee tena, nitaleta lori la pili."

Tisa. Nilikuwa nimehesabu mawili tu. Nilimtajia nyumba, naye akathibitisha moja baada ya nyingine. Nne kati yake zilikuwa za wajane. Mfukoni nilikuwa na akiba yangu yote, niliyoiweka ili hadithi ile ipigwe chapa. Nilimlipa bei aliyoitaka.

Mvua ilitukuta tukipanda mlima kurudi Newala, lori likiteleza, mimi nikiwa nimeyashikilia mapipa nyuma. Nilianza kwa mama. Pipa la kwanza lilijaa. La pili lilipata robo, mvua ikakatika. Nyumba nyingine nilifika kumekauka. Wenye nyumba walipokea mapipa yao, lakini mjane mmoja hakuitikia hodi yangu. Nililiacha lake mlangoni. Hakuna niliyemdai.

Kwenye daftari la hadithi niliandika: mapipa tisa, nauli yangu na ya mzigo, shilingi mia moja arobaini na moja.