Maoni ya Mlezi kuhusu Fizikia

Kompyuta ya saiba, kile kiduka cha intaneti, ilikataa mara tatu. Kila mpwa wangu alipochagua uhandisi wa maji, maandishi mekundu yalitokea: hujatimiza mahitaji ya kozi hii. Msichana alikuwa na B+ ya wastani na A ya hisabati. Maombi ya vyuo vikuu yalikuwa yanafungwa kesho yake jioni.

Nilijua papo hapo kwamba kuna mtu anatuchezea.

"Jaribu tena," nikamwambia mwenye saiba.

"Mzee, nimejaribu. Hii kitu haitaki."

"Haitaki, ama ni wewe hutaki?"

Akacheka, nami nikakishuku kicheko chake. Wiki hiyo nilikuwa nimesikia kwenye kibanda cha chai kwamba nafasi za watoto wetu wa Isiolo hugeuzwa usiku, zikapewa watu wa kwingine. Aliyeniambia hakuwa na ushahidi wowote, ndiyo maana alizungumza kwa uhakika mkubwa. Mimi niliyesoma hadi chuo kikuu, ninayeandika makala za kuwaonya watu wasimeze uvumi, niliumeza pamoja na mandazi.

"Anko, inasema fizikia," mpwa wangu alisema polepole, kidole kwenye kioo. Na kweli, orodha ya masomo yanayotakiwa ilikuwa pale: hisabati, fizikia, kemia.

"Na wewe hukufanya fizikia."

"Sikufanya."

"Nani alikukataza?"

Aliinamisha kichwa, akaanza kukunja karatasi yake ya matokeo. Nilidhani ni woga wa walimu.

Huyu ni mtoto wa dada yangu. Alitoka Merti akaja kukaa kwangu mjini alipoingia kidato cha kwanza, mamake akabaki na mbuzi. Kule kwao kuna kisima chenye injini, na kila injini inapokufa, fundi husubiriwa kutoka mbali huku wanyama wakilia. Tangu akiwa mdogo alisema atakuwa yeye huyo fundi, na hatatoka mbali. Sijawahi kumsikia akitaka kitu kingine.

Asubuhi nilimpeleka shuleni kwake. Njia nzima nilipanga hotuba. Nilishaamua kwamba walimu walikuwa wamewagawia fizikia watoto wa wakubwa, wale wa wafugaji wakasukumiwa jiografia.

Naibu wa mwalimu mkuu, mama wa Kimeru mwenye miwani shingoni, alitukaribisha vizuri mno. Hilo nalo nililiweka akilini.

"Mzazi, kuna shida gani?"

"Shida ni kwamba mtoto huyu alinyimwa fizikia. Nataka kujua nani alimnyima, na kwa faida ya nani."

Alimtazama msichana, kisha akanitazama mimi. Hakubishana. Alifungua kabati la chuma, akapekua mafaili, akatoa fomu ya kuchagua masomo, ile inayojazwa mwishoni mwa kidato cha pili. Kabla hajaiweka mezani nilikuwa nimeshauona wino wa kijani.

Hakuna mtu mwingine Isiolo nzima anayeandika kwa wino wa kijani. Niliuanza nikiwa chuoni, nikidhani unanipa haiba.

"Mwanafunzi alikuwa ameweka alama kwa fizikia," alisema. "Imekatwa. Halafu hapa, kwa maoni ya mzazi au mlezi..." Akavaa miwani. "'Fizikia haijamsaidia mtu yeyote katika ukoo wetu, nami ni ushahidi unaotembea. Msichana huyu ana kipaji cha lugha. Mpeni jiografia, aijue dunia atakayoiandika.'" Akavua miwani. "Tulisoma hii kwa stafurumu, walimu wote, mzazi. Tulicheka sana."

Mimi nilipata E ya fizikia. Nilikuwa nimesahau fomu ile kabisa, kama mtu anavyosahau sentensi aliyoipenda sana siku aliyoiandika. Kwenye fomu kulikuwa na mstari mmoja tu wa maoni. Mimi niliendelea hadi pembeni.

"Kwa nini hukuniambia jana?" nikamuuliza mpwa wangu tulipotoka getini.

"Ningekuambia mbele ya yule wa saiba?"

Tulirudi mjini moja kwa moja. Zilikuwa zimebaki saa chache. Saibani nilivuta kiti karibu na kompyuta, kama kawaida yangu, nikatoa kalamu.

"Anko, kaa pale kwa benchi."

Nikakaa. Alifungua orodha ya kozi mwenyewe, akakaa nayo muda mrefu. Mwishowe akasimama kwenye jiolojia, kozi ya kujua maji yamelala wapi chini ya mawe. Chuo kilichoitoa kilikubali kemia na jiografia. Nilinyanyuka kidogo kumwambia kwamba jiografia, basi, imefaa. Alinitazama nikakaa tena.

"Nisomee mahitaji," alimwambia mwenye saiba. "Yote. Polepole."

Yule wa saiba alisoma, naye mpwa wangu akafuata kwa kidole kwenye karatasi yake ya matokeo, somo baada ya somo. Kisha akamwambia asome tena. Safari hii maandishi mekundu hayakutokea. Kozi ilikubali.

Ilipofika nafasi ya simu ya mzazi au mlezi, mwenye saiba aligeuka akaniangalia, akingoja niseme nambari. Mpwa wangu akataja ya mamake, ingawa kule Merti mtandao huja na kuondoka kama mvua.