Mwiba wa Gogogo

Beseni la plastiki likimiminiwa maji ya moto hutoa harufu yake, harufu ya plastiki inayolegea kidogo, na kila ninapoisikia kisigino changu cha kushoto hushtuka. Msinicheke. Nina rafiki, mtu mzima na kazi yake, anayepanda juu ya kiti akiona mende. Mimi naogopa kisigino changu mwenyewe, na sababu ni likizo moja ya Desemba tuliyokwenda Nansio, kisiwani kwa mama mkubwa, nikiwa na miaka kumi.

Tulikuwa tunaishi Mwanza, Buzuruga, nyuma ya stendi, mimi na mama na mume wa mama. Baba yangu mzazi alifariki nikiwa mdogo sana. Namjua kwa picha. Huyu wa pili alikuja nikiwa darasa la pili, fundi cherehani kutoka Tanga, mwembamba, mwenye sauti ya chini na Kiswahili kitamu ambacho wauza nyanya walimchokoza makusudi ili wakisikie. Mtaa mzima ulimwita Fundi, nami nikamwita Fundi. Mama alinikonyeza, akanifinya, akanisihi nimwite baba. Sikuweza. Fundi mwenyewe ndiye aliyenitetea.

"Muache mtoto," alisema. "Kwani mimi si fundi?"

Kitu kimoja tu cha Fundi kilikuwa kikinitia aibu: alivyotembea majini. Alipokuwa mvulana kwao pwani alimkanyaga taa, yule samaki bapa kama chapati anayejifukia mchangani na mwiba wake mkiani. Tangu siku ile hakunyanyua tena unyayo ndani ya maji. Aliburuza. Anausukuma mguu mmoja polepole juu ya mchanga, kisha mwingine, kama mtu anayepiga deki kwa matambara miguuni.

"Ukiburuza, aliyeko chini anasikia unakuja, anakupisha," alinifundisha. "Ukikanyaga, utamkanyaga mwenye nyumba kitandani kwake."

Lakini Ziwa Victoria halina taa! Nilijua hivyo, na kila mtoto wa Mwanza alijua hivyo. Kwa hiyo mnaweza kufikiria hali yangu siku ile ya kwanza Nansio, Fundi alipokunja suruali hadi magotini na kuanza kuburuza mbele ya binamu yangu Deo, mtoto wa mama mkubwa. Deo alikuwa na miaka kumi na miwili na aliogelea kama fisi maji. Alicheka hadi akakaa chini.

"Baba yako anatembea kama bata mlevi."

"Siyo baba yangu," nikasema.

Fundi alikuwa hatua tatu mbele yetu. Hakugeuka. Aliendelea kuburuza hadi maji yakamfika magotini, akasimama pale akiangalia visiwa vya mbali.

Nyumbani kwa mama mkubwa hali yake haikuwa nzuri zaidi. Mama mkubwa hakuipenda ndoa ile, na hakujisumbua kuficha. Mwaka wa tatu wa ndoa ile, bado alikuwa akiuliza, Fundi mwenyewe akiwa amekaa palepale, "Mgeni ameshakula?" Fundi alikuwa anajibu, "Nimekula, shemeji, ahsante," na kusogea pembeni kidogo kwenye mkeka, kama mtu anayewapisha wenye mkeka wao.

Siku ya nne asubuhi, mama na mama mkubwa wakiwa nyumbani wanachambua dagaa, tulishuka ufukweni sisi watatu. Wavuvi walikuwa wamekung'uta nyavu zao muda mfupi kabla, na samaki wadogo wasiotakiwa walikuwa wamebaki kwenye maji ya kina kifupi, wengine wamekufa, wengine wanahema. Maji yalikuwa yamechafuka, chini hakuonekani. Deo alipita juu ya mawe akajitupa kwenye kina, akaniita. Fundi akaniambia taratibu, "Rehema, buruza."

Nilimwangalia Deo, amekwishaanza kucheka. Nikakimbia majini. Nilinyanyua magoti juu kabisa, ili Deo aone, na Fundi aone vilevile.

Hatua ya nne au ya tano kitu kiliingia kisiginoni. Kwanza nilidhani ni msumari. Kisha maumivu yakapanda ndani ya mfupa, yakapita kifundo, yakafika gotini, kana kwamba mtu amenipachika kaa la moto na analipuliza. Nilipiga kelele ambazo Deo anasema zilisikika sokoni. Yeye ndiye aliyemwona: gogogo, samaki mdogo wa kijivu mwenye ndevu, anayetoa mlio akitolewa majini, na miiba yake mitatu imesimama. Mmoja ulikuwa umekatika ncha, na ncha ilikuwa kwangu.

Fundi alinibeba mbiombio hadi uani. Watu wakajaa. Jirani mmoja, mzee aliyeheshimika sana pale, alikuwa ameshatoa wembe.

"Mshikeni," akasema. "Nimchanje, damu ya sumu itoke."

Mama alikuwa analia. Nikahisi mikono ya Fundi ikinikaza.

"Shikamoo, mzee wangu," alisema. "Nakuomba uweke wembe chini."

"Marahaba. Wewe mtu wa pwani unajua nini habari za ziwa?"

"Ziwa silijui. Mwiba naujua."

Hakupaza sauti, lakini mzee akaushusha wembe. Kisha akamgeukia mama mkubwa. "Shemeji, nataka maji ya moto. Mengi. Usiache kuchemsha." Kwa miaka mitatu sikuwahi kumsikia akimwambia mama mkubwa "nataka". Mama mkubwa alimkazia macho, halafu akainuka, akaenda jikoni.

Likaletwa beseni. Fundi alitia mkono kwanza, akasubiri, akachanganya na ya baridi, akasubiri tena, ndipo akaniingiza mguu. Nililia, kisha nikalia kidogo, kisha nikashangaa: kaa lile lilikuwa linazimika. Maji yakipoa, mama mkubwa aliongeza mengine kutoka kwenye sufuria. Tulikaa hivyo zaidi ya saa nzima, mkono wa Fundi umo ndani ya beseni pamoja na mguu wangu, naye akinisimulia habari za bwana harusi mmoja aliyenenepa kati ya kupimwa suti na siku ya ndoa. Baadaye akanibeba mgongoni hadi zahanati, wakaitoa ile ncha na kunichoma sindano ya pepopunda. Tabibu aliuliza nani amewaza maji ya moto. Fundi alikuwa amekwisha kutoka nje.

Jioni ile, chakula kikipakuliwa, nilimsikia mama mkubwa akiuliza, "Baba Rehema ameshakula?" Mama aliangusha mwiko.

Kwenye feri ya kurudi Fundi alikaa na mkono wa kulia mfukoni safari nzima. Nilidhani ni upepo. Tulipofika Buzuruga ilikuwa Januari inabisha hodi, wazazi wanapanga foleni na vitambaa vya sare, na yeye hakufungua kibanda chake cha kushonea. Alisema cherehani ni mbovu. Karibu wiki mbili nilikaa mlangoni na bandeji yangu nikiwaambia wateja, "Mashine imeharibika, jaribuni kwingine," na nilijiona mtu muhimu sana.

Mwaka jana nilikuwa namwandalia mwanangu maji ya kuoga, mama amekaa kitandani anakunja nepi. Nikatia kiwiko kupima joto. Mama akasema, kama anayezungumzia hali ya hewa, kwamba mguu wenye maumivu makali haujui moto ni kiasi gani. Unaweza kuiva wenyewe usiseme. Ndiyo maana Fundi alikuwa ameweka kiganja chake pale maji ya sufuria yalipoangukia, yapite kwake kwanza kabla ya kunifikia. Ngozi ya kiganja ilitoka yote. Hakuweza kushika mkasi.

Mimi siku zote nilidhani mkono ule ulikuwa wa kunizuia nisitoe mguu.

Jumamosi iliyofuata nilikwenda kibandani. Alikuwa anapima gauni, mkanda wa kupimia shingoni, miwani imemshuka puani. Nikamuuliza: ile Januari ya sare, cherehani ilikuwa na nini hasa?

Aliniangalia juu ya miwani.

"Mkanda," akasema. "Mkanda wake ulikatika. Kuupata ilikuwa shida."

Kisha akanipa ncha ya kitambaa nimshikie, akate. Nikaishika vizuri, nikaivuta hadi ikanyooka, na sikumuuliza tena.