Rosebella na Vinu Viwili Vilivyokuwa Kimoja

Katika kuzunguka kwangu Eldoret nikinoa visu, sijaona mtu aliyejua mahindi kama Rosebella. Alikuwa mpimaji kwenye kiwanda cha unga tulichokiita kinu cha chini. Mashine ya kupima unyevu alikuwa nayo, lakini kwanza alitia punje mdomoni, akaiuma, akasema, "Hii bado. Rudisha juani siku mbili." Mashine ilikuja tu kukubaliana naye. Wakulima wa Moi's Bridge walimwita Mama Meno.

Ng'ambo ya barabara kulikuwa na kinu cha juu. Wenye vinu vyote viwili ni wale wale, kila mtu alijua. Lakini wafanyakazi wa juu walikuwa na kadi ya hospitali, wa chini hawana. Rosebella alipouliza, meneja Mulongo alimwambia, "Mama, hiyo ni kampuni ingine kabisa. Ukitaka vya kwao, nenda ubishe kama mgeni."

Akarudi kwenye mahindi yake. Akauma punje miaka kumi na sita.

Mwaka jana kinu cha juu kikanunua cha chini, watu wakaogopa kufutwa. Sifuna, msemaji wa wafanyakazi, akawatuliza: kampuni kubwa ikinunua nyingine, kuna ofisi ya serikali Nairobi lazima iombwe ruhusa, na ofisi hiyo huuliza wafanyakazi watapelekwa wapi. Rosebella akaiandikia barua kwa mkono wake, akiomba asipoteze kazi.

Jibu lilikuja na adabu yake. Alinisomea mwenyewe, nimeketi langoni na jiwe langu la kunolea. Ati kwa vile wenye kampuni hizo ni wamoja, ununuzi huo hauhitaji kuombewa ruhusa. Mali haijapata mwenyewe mpya. Ni kama mtu anayehamisha vyombo ndani ya nyumba yake.

"Sasa Mzee," akaniuliza, "mimi ni sufuria?"

Akaingia kwa Mulongo na ile barua mkononi, mlango akauacha wazi.

"Kumbe sisi ni kampuni moja!"

"Tangu zamani, Mama."

"Basi nihamishe ng'ambo na mashine yangu."

"Kampuni moja, wapimaji wawili wa nini?"

Mashine ilihamishwa. Yeye akapewa barua ya shukrani na kuagwa.

Jumatatu akavaa nguo ya kanisa, akavuka barabara kubisha aombe kazi, vile alivyoambiwa zamani. Aden, askari wa lango, akamsukumia daftari la wageni. Palipoulizwa anatoka kampuni gani, Rosebella akaandika jina la kinu hicho hicho cha juu.

Aden akacheka. "Mama Meno, wewe ni wa chini. Si mliuzwa?"

"Hatukuuzwa. Uliza Nairobi."

Aden akalikata lile jina, akaandika juu yake: mgeni. Halafu akamwambia hakuna nafasi.