Asumani na Mkeka wa Wasemaji

Watu wa Kindu wana majivuno, na asiyekiri ndiye mwenye mengi zaidi. Lakini hata katika mji wa namna hiyo, Zawadi muuza wali alikuwa hana mwenzake. Siku hizo bendera ya nyota ya Wazungu ilikuwa bado haijafika mto Lualaba. Mji ulikuwa nyumba za udongo, mashamba ya mpunga, msikiti wa miti na kivuko cha mitumbwi, na hapo kivukoni ndipo Zawadi alipoteleka chungu chake. Hukuweza kuvuka mto bila kusikia kwamba wali wake haushikani, mawese yake hayana mchanga, na mwanawe Asumani ana akili kuliko vijana wote wa ng'ambo hii na ile. Ukimwambia kizuri chajiuza, alikujibu, "Kikinyamaza nani atajua iko?" Kisha anakuongezea kipande cha samaki ili usibishe.

Asumani alikuwa mwana wa yule mama, damu na ulimi. Alisoma chuo cha Mwalimu Mbaraka, na chuo kile hakikuwa cha kusoma Kurani peke yake. Vijana walifundishwa pia kusema mbele ya watu. Kila mwaka mpunga ukishavunwa, wasemaji wa Kindu walishindana na wasemaji wa chuo cha ng'ambo, na mji wote ulikuja kusikiliza. Aliyekaa kwenye mkeka wa wasemaji hakuwa mtu mdogo tena. Watu walitoka hata Pangi, wakitembea msituni, kuja kumwita akawasemee shauri lao. Mwaka ule nafasi moja ilikuwa wazi mkekani, na Asumani aliitaka kuliko alivyotaka kula.

Sheria za mkeka hazikuwa nyingi. Msemaji alishika kijiti, na akimaliza hoja yake alikilaza chini. Aliyeshindwa alivunja chake, na hapakuwa na aibu kuvunja. Lakini kabla ya kumjibu mwenzako ilikubidi kwanza umrudishie maneno yake. Uyaseme yote, kama yeye mwenyewe alivyoyakusudia, mpaka akubali kwa kinywa chake: "Njo vile," yaani ndivyo hasa. Bila neno hilo, jibu lako lilikuwa kelele tu.

Siku ya majaribio Asumani alipewa Abedi, msemaji mkubwa wa chuo. Hoja ilikuwa hii: mpunga ni wa nani, wa aliyepanda au wa aliyelinda ndege? Abedi aliusemea upande wa mlinzi, polepole, bila madoido. Asumani hakungoja hata pumzi. Alisimama akamrushia maneno matamu, akamwiga mlinzi anayewapigia ndege makelele huku anasinzia, akamtetea mpanzi aliyevunjika mgongo kana kwamba ameitwa mvivu, vijana wa chuo wakacheka mpaka wakashika mbavu. Akalaza kijiti chake chini kwa kishindo.

Mwalimu Mbaraka hakucheka. Alimgeukia Abedi. "Maneno yako yamekurudia?"

"Hapana, Mwalimu," alisema Abedi. "Mimi sikusema mupanzi ni muvivu. Nilisema alilala usingizi kwa sababu alimuamini mulinzi. Hayo hakuyagusa."

"Asumani, wewe umejibu maneno ya nani?" aliuliza Mwalimu. Asumani akakitazama kijiti chake pale chini. Alikuwa amejibu maneno aliyoyatunga mwenyewe kichwani wakati Abedi anasema. Mwalimu akaokota kile kijiti akamrudishia mkononi. "Mukeka haukutaki bado, mutoto wangu."

Angekuwa mtu mwingine angekwenda nyumbani akajifunika shuka. Lakini mdomo ulikwisha kumponza. Usiku wa kuamkia siku ile alikuwa amemwambia mama yake, "Kesho nakaa mukekani," na kumwambia Zawadi jambo kama hilo ni kulipigia ngoma. Aliposhuka kivukoni alimkuta amevaa kaniki mpya, anagawa wali kwa wapiga makasia bila kudai malipo. "Musemaji huyo!" alipaza sauti. "Mutazameni! Njo huyo niliyemubeba kwa hii mugongo!" Watu wakashangilia. Asumani akatabasamu, maana hakuona pa kutorokea, na tabasamu lile lilimchoma kuliko aibu yenyewe. Yeye kukosa mkeka, angevumilia. Lakini mama yake kuchekwa mbele ya chungu chake, hapana.

Akarudi mbio kwa Mwalimu, akampigia magoti, akamweleza yote.

"Nitakupa nafasi nyingine," alisema Mwalimu. "Ijumaa, baada ya sala, utarudisha maneno ya mama Hawa mufinyanzi. Mbele ya bantu wote, na mama yako akiwa hapo. Hawa akisema 'njo vile', mukeka ni wako."

Mji wote ulijua kwamba Hawa na Zawadi, waliokuwa marafiki wa chanda na pete, hawakusalimiana tangu matanga ya mume wa Hawa. Zawadi alisema ni wivu tu. Hawa hakusema lolote, na kwa kuwa hakusema, hakuna aliyemuuliza.

Asumani alimkuta Hawa nyuma ya nyumba yake, mikono imejaa udongo. Akamwomba amwambie kinyongo chake. Hawa alimtazama mpaka kijana akainamisha macho, kisha akasema, bila kuacha kufinyanga. Hayakuwa maneno mengi. Alipomaliza, Asumani akajaribu kuyarudisha.

"Hapana," Hawa alisema. "Umeweka hasira. Mimi sina hasira."

Alirudi siku ya pili akayalainisha. "Hapana. Sasa umeweka mama yako ndani. Unamufichia." Alirudi tena, na tena, akakanyaga udongo wa Hawa, akambebea maji, na kila aliporudisha maneno mwanamke yule alitikisa kichwa. Ndipo Asumani alipotambua kwamba maisha yake yote hakuwahi kumsikiliza mtu mpaka mwisho. Alikuwa akingoja zamu yake tu.

Ijumaa ikafika. Uwanja wa chuo ulijaa, na Zawadi alikaa mbele kabisa, kaniki imepigwa pasi ya mikono, amekwisha kuwaambia jirani zake wote watege masikio kumsikia msemaji mpya, asijue maneno ya leo yanamhusu nani. Hawa alikaa upande wa pili, peke yake. Asumani akasimama na kijiti chake. Aliuona uso wa mama yake unang'aa kwa fahari, na moyo ukamwambia: punguza kidogo, ni nani atajua? Lakini Hawa angejua. Akasema kwa sauti ya kawaida, bila madoido:

"Mume wangu alipokufa, Zawadi alikuja wa kwanza. Alipika siku zote za matanga, akanishika nisianguke. Namushukuru mpaka leo. Lakini matanga yalipokwisha akashuka kivukoni, akaeleza kila musafiri ni vyungu vingapi alivyopika, na samaki gani, na namna bantu walivyosifu. Nilikwenda kununua chumvi, mugeni akaniuliza: wewe njo yule mujane aliyelishwa na Zawadi? Mume wangu alikuwa na jina. Hakuna aliyelitaja. Zawadi alinipa chakula, kisha akayachukua matanga yangu yakawa yake. Sitaki anilipe. Nataka ajue tu."

Hawa alifuta macho kwa nyuma ya mkono. "Njo vile," alisema. "Njo vile kabisa."

Asumani hakuthubutu kumtazama mama yake. Alisikia kaniki ikichakarisha, akajua amesimama, akajua pia kwamba hakuna mtu Kindu aliyewahi kumsema Zawadi hadharani akabaki na masikio. Zawadi alinyoosha mkono akakichukua kijiti cha mwanawe. Kisha, kama sheria inavyotaka, akayarudisha yale maneno kwa Hawa, moja moja, na sauti ikimkatika. Alipofika kwenye jina la marehemu alilitaja: Kalonda. Hawa akaitika, "Njo vile." Watu wakangoja jibu. Zawadi akakivunja kijiti.

"Sina jibu, dada yangu," alisema. "Nilikosa." Akapumua, akawageukia watu, na unajua tena mtu na asili yake: "Lakini aliyenisema vizuri hivi, mumemuona? Ni mutoto wangu!"

Wa kwanza kucheka alikuwa Hawa. Mwalimu Mbaraka akasogea kidogo, akapiga mkeka kwa kiganja, na Asumani akaenda akakaa.

Siku ya mashindano mitumbwi iliujaza mto. Watu wa ng'ambo walileta msemaji hodari, mrefu wa maneno, na Asumani alimsikiliza mpaka mwisho bila kutikisika. Alipomrudishia maneno yake, yule bwana alikaa akiyasikiliza kama habari za nyumbani, akasema "njo vile" kabla hajaulizwa, na baada ya jibu alikivunja kijiti chake kwa heshima. Kindu ililipuka kwa vigelegele.

Katikati ya makelele mzee mmoja wa ng'ambo, mgeni asiyemjua mtu, aliwainamia wanawake wawili waliokaa pamoja. "Huyu kijana ni mutoto wa nani?"

Zawadi alifungua mdomo. Akaufunga. Alibana midomo mpaka machozi yakamtoka, na fahari ikambubujika kifuani ikikosa mlango.

Hawa akamshika mkono, akamjibu mgeni kwa sauti ya kufika kivukoni:

"Ni wa huyu hapa, Zawadi. Mume wangu Kalonda alipokufa, ni yeye aliyenipikia matanga."